Watoto wa Kuazima

Pelagia Kashindye hakuwahi kuiba kitu maishani mwake, isipokuwa watoto kumi na mmoja, na hao aliwarudisha jioni ileile wakiwa wameshiba.

Kazi yake ilikuwa kulea watoto wa watu. Kina mama wa Ntalikwa, nje kidogo ya mji wa Tabora, huamka mapema kwenda majarubani, sokoni au kwenye vibarua vya tumbaku, na mtoto wa miaka miwili si mtu wa kufuatana naye kwenye jaruba la mpunga. Basi walimwacha kwa Pelagia asubuhi akiwa amelala begani, wakamchukua jioni akiwa na rangi ya udongo wa uani. Malipo yalikuja kwa simu, kwa karanga au kwa maneno mazuri, na Pelagia alikuwa amezoea kuishi kwa mchanganyiko huo.

Nyumba chache kutoka kwake aliishi Zabibu, ambaye alifanya kazi hiyohiyo na aliianza kabla yake. Zabibu alikuwa Mzaramo aliyezaliwa Tabora. Babu yake aliletwa na kazi za reli, na reli haikukumbuka kumrudisha. Pelagia alikuwa Mnyamwezi wa hapohapo, Mkatoliki wa kuzaliwa. Kwa hiyo wanawake hawa wawili hawakuwa marafiki tu wala washindani tu. Walikuwa watani.

Utani wa Wanyamwezi na Wazaramo ni wa tangu zama za misafara, Wanyamwezi walipobeba pembe za ndovu kupita Uzaramo kwenda pwani, na wenye nchi wakadai hongo ya njia. Wajukuu hawana pembe za kubeba wala njia ya kuilinda, ila matusi wamerithi, na wameyatunza vizuri kuliko majengo. Mtani humtukana mtani wake mbele ya watu, humwita mwizi, humkamatia kuku wake na kumchinja, na aliyetendewa hana ruhusa ya kununa. Zabibu alimzidi Pelagia umri kwa miaka mingi, lakini alikuwa hajapata kupewa shikamoo naye hata siku moja.

"Umeamkaje, mla hongo?" ndivyo Pelagia alivyomwamkia bombani.

"Nimeamka, mpagazi. Naona leo kichwa kitupu. Tajiri kakufukuza?"

Waliokuwa kwenye foleni ya maji walicheka kila siku, kama watu wanaosikia mzaha ule kwa mara ya kwanza.

Kisha likaja tangazo. Shirika fulani, kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, lingewapa walezi wa watoto vifaa vya afya na usalama: ndoo za kunawia zenye koki, sabuni, magodoro madogo ya kufutika, sanduku la huduma ya kwanza, kipimajoto, geti la plastiki la kumzuia mtoto asiingie jikoni, na mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Wasiojua kusoma walisomewa masharti. Uwe na uzio. Uwe na choo. Uwe na watoto wasiopungua ishirini. Na siku wakaguzi watakapopita, bila kusema ni lini, wakukute kazini.

Pelagia alikuwa na uzio, na alikuwa na choo. Watoto alikuwa nao kumi na wawili, tena siku ambayo hakuna aliyeumwa. Zabibu naye alikuwa na wa kwake kumi na mmoja. Kwa hesabu ya serikali, wote wawili walikuwa wanacheza tu.

"Tungeungana," Pelagia alisema siku ile.

"Niungane na Mnyamwezi? Nitaamka nikute umeshabeba nyumba," Zabibu alijibu, halafu akaongeza kwa sauti ya kawaida, "mimi kuna mama watano wa msimu wa mpunga wameniahidi kuleta wa kwao, na wengine njiani. Nikifika ishirini nitakuazima watoto wewe. Kituo chako kitavuka na changu."

Alisema hivyo, na aliyemfahamu alijua angefanya hivyo.

Haja ya Pelagia na vifaa vile haikuwa tamaa ya vitu vipya. Mwaka uliopita mtoto mmoja, Nasri, alitambaa mpaka jikoni akashika sufuria ya uji, na mkono ukababuka. Pelagia alimpaka dawa ya meno, kwa sababu ndiyo iliyokuwepo na kwa sababu kila mtu hupaka dawa ya meno. Mkono ulipona na kovu likabaki, na kila Nasri aliponyoosha mkono kuomba kitu, kovu ndilo lililotangulia. Pelagia alikuwa, kwa hiyo, na sababu nzuri kabisa ya kufanya alichofanya. Hilo ndilo lililomsumbua baadaye, maana mtu mwenye sababu mbaya angalau anajua pa kuanzia kutubu.

Siku yenyewe ilianza na msiba. Shemeji yake Zabibu alifariki Kigwa, na habari zilifika alfajiri. Kwao, anayekwenda msibani haulizwi watoto watabaki na nani. Zabibu alikuja nao wote kwa msururu, wameshikana nguo, khanga ya msiba tayari begani.

"Na wakaguzi wakija leo?" aliuliza.

"Nitawaambia uko msibani. Nenda, usichelewe kuzika."

"Waambie wanisubiri." Akafuta macho, kisha kwa sababu alikuwa mtani hata siku ya kilio, akasema, "Na watoto wangu usiwapeleke Nzega ukawauza. Wachimba dhahabu wa kule watakulipa mchanga."

Akaondoka. Uji ulikuwa haujapoa kwenye vikombe wakati afisa ustawi wa jamii aliposimama mlangoni. Aliitwa Asnath, binti mdogo mwenye viatu safi na kishikwambi mkononi, mpole, wa kutoa shikamoo kwa kukunja magoti kidogo. Akatazama uzio, akatazama choo, akainua kidole na kuanza kuhesabu vichwa.

"Hongera mama! Ishirini na watatu. Wote wa hapa?"

"Wote wanashinda hapa," alisema Pelagia.

Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli kabisa, kwa muda wa siku moja.

"Na yule mama mwingine, Zabibu? Tumetoka kwake, tumekuta kufuli. Huwa anafungafunga?"

Jibu lilikuwa mdomoni tayari. Msibani, Kigwa. Mtoto mdogo angeweza kulitamka. Lakini jibu hilo lingezaa swali la pili, watoto wake kawaacha wapi, na watoto wake walikuwa pale pale, midomo myeupe kwa uji. Pelagia akainama, akamfuta kamasi mtoto ambaye hakuwa na kamasi, na akasema, bila kuinua uso:

"Mimi najua ya kwangu, mwanangu."

Asnath akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa zaidi ya alichoambiwa.

Jioni Zabibu alirudi, macho mekundu, miguu imejaa vumbi. "Walikuja?"

"Walipita."

"Ukawaambia?"

"Walikuwa na haraka."

Hili nalo lilikuwa kweli. Pelagia aligundua siku ile kwamba mtu anaweza kutembea umbali mrefu sana juu ya maneno ya kweli bila kufika kwenye ukweli. Zabibu alichukua watoto wake, akawahesabu kwa kuwagusa vichwa, akasema Mnyamwezi leo kawa mwaminifu, mvua itanyesha, na akaenda kulala.

Vifaa vilikuja kwa pikapu, mchana, mbele ya mtaa mzima. Kornel, mume wa Pelagia, mrina asali asiyependa vurugu, alipokea mtungi wa kuzimia moto kwa mikono miwili na kuusimamisha sebuleni, ambako aliupa heshima ambayo baadhi ya wakwe zake hawakuipata. Kwenye uzio, Asnath mwenyewe aligongomea kibao cha bluu: KITUO KILICHOKIDHI VIGEZO VYA AFYA NA USALAMA.

Zabibu alitokea njiani, akajitanda katikati mikono kiunoni, akazuia magodoro yasipite.

"Mzigo unapita nchini kwangu! Hongo iko wapi?"

Watu wakashangilia. Pelagia alihisi moyo unaruka kwa furaha, kwa sababu hapo palikuwa na mlango. Mtani akichukua, kachukua, hakuna maelezo. Angechukua nusu, angechukua vyote, na jambo lingekwisha kwa kicheko.

"Chukua," alisema. "Chukua ndoo. Chukua magodoro. Chukua unachotaka."

Zabibu akamtazama, akashusha mikono. "Ah, wewe nawe. Vya watoto haviombwi hongo." Na akaingia mzigoni, akabeba magodoro mawili kichwani mpaka ndani, na kuyapanga vizuri ukutani.

Ilikuwa lazima aambiwe. Pelagia alimwambia palepale, akiwa ameshika sanduku la huduma ya kwanza kifuani.

"Zabibu, vitu hivi si vyangu peke yangu. Siku ya msiba niliwahesabisha watoto wako."

Zabibu akaangua kicheko mpaka akakaa juu ya godoro. "Nilijua! Mwizi! Mnyamwezi gani atakaa siku nzima hajabeba mzigo wa mwenzie?"

"Nasema kweli."

"Na mimi nasema kweli! Jamani njooni, Pelagia kaniibia watoto!"

Wakaja. Wakacheka. Kesho yake bombani ilikuwa ndiyo habari, na Zabibu aliisimulia kwa madoido, watoto wakibebwa magunia mawili mawili kupelekwa pwani. Pelagia alisimama kwenye foleni akiwa ametubu hadharani, mbele ya mashahidi, na bila faida yoyote. Neno mwizi lilikuwa limetumika kati yao kwa miaka mingi, likachakaa kama noti ya zamani. Siku alipohitaji kulitumia kwa thamani yake, hakuna aliyelipokea.

Alikwenda kuungama. Padre Anselm alimsikiliza, akamwambia aende akamwambie aliyemkosea.

"Nimemwambia, padre."

"Akasemaje?"

"Alicheka."

Padre hakuwa mtu wa Tabora, alikuwa amehamishwa kutoka mbali, na masomo yake yote hayakuwa yamegusa hali hii. Mwishowe akamwambia asali rozari na ajaribu tena.

Kabla hajajaribu tena, Benedikta akaja. Benedikta aliuza nyanya sokoni, na mwanawe Valentino alikuwa akilelewa na Zabibu tangu ananyonya.

"Mama Shukrani," alisema, akimwita Pelagia kwa jina la mwanawe, "kuanzia leo huyu atakuwa hapa."

"Kwa Zabibu kuna nini?"

"Hakuna kitu. Ndiyo shida yenyewe, hakuna kitu. Hapa kuna kibao."

"Zabibu ndiye aliyemlea mwanao mpaka katembea."

"Namshukuru. Lakini serikali imepita kwake ikakuta kufuli, watu wanasema. Mimi nimwache mtoto wangu penye kufuli?"

Pelagia angeweza kusema neno hapo. Badala yake alimpokea Valentino, kwa sababu mtoto alikuwa ameshanyoosha mikono. Baada ya Valentino akaja mwingine, na mapacha wa mama mmoja mpanda mpunga, kisha wale wa msimu ambao Zabibu alikuwa ameahidiwa. Kila asubuhi kibao kilifanya kazi yake kimya kimya. Uani kwa Pelagia kukajaa, ndoo ya koki ikajazwa maji mara kwa mara, geti la jikoni likazuia watoto, na idadi iliyokuwa uongo siku ya ukaguzi ikawa ya kweli. Hilo halikumpa nafuu. Uongo wake ulikuwa umekomaa ukawa ukweli kwa kula watoto wa Zabibu mmoja mmoja.

"Umeanza kuniiba rejareja," Zabibu alisema bombani. Akacheka, lakini kicheko kilikuwa kifupi, na watu nao wakacheka kifupi.

"Si umekwisha kumwambia?" Kornel alisema nyumbani. "Kazi yako imekwisha. Mtu akikataa kukasirika, utamlazimisha?"

"Hajakataa kukasirika. Hajui."

"Sasa wewe unataka ajue ili iweje? Ili ulale?"

Mumewe, kwa bahati mbaya, alikuwa amepatia.

Siku moja, jua likiwa limepanda, alipita karibu na kwa Zabibu akamwona amekaa kwenye kizingiti, mbele yake mkeka mpana na watoto wawili tu juu yake, kila mmoja kwenye kona. Kando kulikuwa na tenga la michembe, vile viazi vilivyokatwa vikaanikwa, tayari kwa kuuza barabarani.

"Nafunga, mpagazi," Zabibu alisema bila kusimama. "Mwisho wa mwezi nakwenda Kigwa kwa dada yangu mjane. Huko kuna shamba. Mihogo haina habari za vibao."

Pelagia aliufungua mdomo, na mazoea yakamletea tusi, zuri tu, la kuhusu Wazaramo na jembe. Akalimeza. Akavua ndala. Akaingia uani, akapiga magoti yote mawili juu ya udongo, akainamisha kichwa kama anavyofanya mwanamke wa Kinyamwezi mbele ya mkubwa wake, akasema:

"Shikamoo, dada Zabibu."

Zabibu akasimama ghafla, michembe ikamwagika. "Nani kafa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Kornel?"

"Mzima."

"Shukrani? Sema basi! Inuka, unanitisha."

"Sitainuka. Na usicheke. Nakuomba leo usicheke."

Akasimulia tena. Hakuwa na jipya la kusema, yalikuwa yaleyale, ila safari hii yalitoka chini, kwa mtu aliyepiga magoti, na kila moja likafika na uzito wake. Zabibu alisikiliza hali amesimama. Mtoto mmoja alikuja kuokota michembe, hakuna aliyemzuia.

"Kuhusu watoto siwezi kukugombeza," Zabibu alisema mwishoni, taratibu. "Ungeniomba ningekupa. Ningekuja hata mimi mwenyewe nikae kwenye mkeka wako, nihesabiwe. Huyo binti alikuuliza habari zangu?"

"Aliniuliza."

"Alisemaje?"

"Kama huwa unafunga."

"Nawe siku hiyo ulijua niko wapi."

"Nilijua."

"Ukasema nini?"

Pelagia aliangalia mikono yake. Haya ndiyo maneno ambayo hakuyasema siku ya magodoro, wala kwa padre. "Nikasema mimi najua ya kwangu."

Zabibu akakaa. Alikaa kama mtu aliyepewa kitu cha kushika kabla ya kuambiwa ni kizito.

"Mimi nazika," alisema, "wewe unajua ya kwako."

Baada ya muda Pelagia aliinuka mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia tena ainuke.

Siku iliyofuata alikwenda ofisi ya ustawi wa jamii. Watu wanaofika kwenye ofisi za umma kusema wamepewa zaidi ya haki yao ni wachache, kwa hiyo hakuna dirisha lililotengwa kwa ajili yao. Alielekezwa mlango mmoja, akaelekezwa mwingine, mpaka akampata Asnath. Binti alimsikiliza akiwa ameweka kalamu chini.

"Mama, vifaa vikishatoka huwa havirudi. Hakuna utaratibu wa kuvipokea."

"Kuna utaratibu wa kuvipeleka kwa mwenyewe?"

Asnath akafikiri, akajipaka mafuta ya mdomo, akafikiri tena. "Yule mama nilimwandikia kwamba hatabiriki," alisema, kwa sauti ya chini. "Kwa sababu ya kufuli na, samahani mama, kwa sababu yako." Kisha akachukua mkoba.

Wakaenda pamoja. Asnath aling'oa kibao kwa nyundo ya Kornel, na mbele ya watu wote akaeleza, kwa maneno rahisi, kwamba mama Zabibu alikuwa msibani siku ya ukaguzi na mama Shukrani alificha. Alitumia neno hilo, alificha. Hakuna aliyecheka. Benedikta alimtazama Pelagia, akamtazama mwanawe, akaanza kutafuta viatu vya mtoto. Kornel aliutoa mtungi mwekundu mwenyewe, akaufuta vumbi kwanza.

Kwa Zabibu walipokelewa vizuri. Alionyesha pa kuweka ndoo, pa kupanga magodoro, akauliza jinsi ya kutumia kipimajoto, akasikiliza mpaka mwisho. Alipofika kwenye geti la plastiki akalirudisha.

"Hili libaki kwako. Jiko lako ndilo baya. Mtoto hana kosa."

"Asante, mla ho..." Pelagia alianza, na neno likamfia katikati.

"Karibu, mama Shukrani," Zabibu alisema.

Safari ya Kigwa haikufanyika tena. Watoto walirudi kwa Zabibu, wote wa zamani na wengine juu yake, na wa msimu pia, na alipopita ishirini alikwenda mwenyewe ofisini kuuliza kama kituo cha pili kinaweza kufikiriwa mwakani, cha mama Shukrani, ambaye ana uzio na choo. Pelagia alizipata habari hizo kwa Asnath. Zabibu hakuzitaja.

Bombani foleni ilingoja siku kadhaa, watu wakiwa wamejiandaa kucheka. "Habari za asubuhi," alisema Zabibu. "Nzuri, shikamoo," alisema Pelagia. "Marahaba." Ndoo zikajaa. Watu wakatazama koki, baadaye wakazoea, na hadithi ya magunia ya watoto haikusimuliwa tena.

Kiangazi kilipoanza, mtoto mmoja wa Pelagia alianguka kwenye mawe akapasuka goti, damu nyingi, na sanduku la dawa lilikuwa nyumba ile nyingine. Alimbeba mbio. Zabibu alimpokea, akamlaza godoroni, akaosha kidonda kwa maji ya koki, akapaka dawa inayowasha, akafunga bendeji kwa uangalifu huku akimwimbia kitu cha kwao kwa sauti ya chini. Pelagia alisimama mlangoni akingoja. Angeshukuru kwa chochote: kwamba Wanyamwezi hawajui kushika hata mtoto, kwamba mzigo umemponyoka njiani. Tusi moja tu, hata dogo.

"Kesho asilowane," Zabibu alisema. "Mlete keshokutwa nibadilishe."

Akafungua mlango wa uzio, akatangulia nje, na akamsindikiza Pelagia mpaka kwenye njia kubwa, polepole, kwa adabu zote, kama anavyosindikizwa mgeni.